Udongo Mweusi wa Nyuma ya Zizi

Ugali ulikuwa mweupe na mgumu, umegeuzwa kwenye sahani ya bati ukakaa kama jiwe la mpaka. Kando yake hapakuwa na kitu. Tlelai aliutazama, kisha akatazama ng'ambo ya meko, kwenye sahani ya mkewe, ambako majani ya spinachi yaliyokaangwa kwa mafuta ya kondoo yalikuwa yanafuka mvuke.

"Mama Molefi," alisema, kwa upole wa mtu aliyefika jana yake, "naona mboga imesahaulika."

"Haijasahaulika." Mamolefi hakuinua uso. "Mahindi ni ya shamba la baba yako, siwezi kukunyima. Mboga nimepanda mimi, nimemwagilia mimi. Ukitaka mboga, Ntate," akamwita bwana kama amwitavyo mgeni, "uwanja huo hapo nje. Panda."

Akala yake yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, polepole, kama mtu anayepiga pasi nguo ya kwenda nayo kanisani.

Tlelai alikuwa amerudi katikati ya majira ya baridi, nyasi za milima ya Mafeteng zikiwa zimekauka rangi ya simba. Mgodi wa dhahabu wa Welkom, ng'ambo ya mpaka, ulikuwa umeyatumia mapafu yake mpaka hayakufaa tena, ukamtoa. Mwanamke aliyekuwa akiishi naye huko alikivumilia kikohozi chake kwa muda, halafu asubuhi moja akayakunja mablanketi yake vizuri, akayaweka nje ya mlango na viatu juu. Basi akavuka mpaka, akapanda njia ya kwao huku akitayarisha maneno. Alitarajia kufukuzwa, au kuliliwa. Kwa yote mawili alikuwa na jibu. Mamolefi hakumfukuza wala hakumlilia. Alimfungulia kibanda cha kuwekea mahindi na matandiko ya farasi, akamwonyesha godoro, akarudi kwenye kazi zake. Mtoto wao, Molefi, ambaye sasa alikuwa mtu mzima anayeendesha lori huko Maseru, alipoambiwa kwa simu kwamba baba yake yuko nyumbani alisema "Sawa", akakata.

Yako mambo ambayo Tlelai hakuyauliza, naye mkewe hakuyasema. Wote wawili waliuzunguka ukimya ule kama watu wanavyozunguka kisima kisicho na kifuniko.

Kuchimba hakukumtisha. Maisha yake yote ya ujana na utu uzima alikuwa ameyapitisha ndani ya ardhi, akiipasua, akiitoboa, akiisomba. Alijisemea kwamba mwanamume aliyeuvunja mwamba chini kule hawezi kushindwa na jani. Akaazima beleshi na mbegu kwa Malineo, jirani yao, mjane wa binamu yake, mwanamke mnene mwenye macho madogo yasiyopitwa na kitu.

"Mbegu nitakupa," Malineo alisema. "Lakini shemeji, wewe unajua upande gani wa jani unaangalia juu?"

"Usinidharau, shemeji."

"Sikudharau. Naogopea mbegu zangu."

Alikuwa na haki ya kuziogopea. Tlelai alichimba matuta marefu kama makaburi ya watu wazima, akazifukia mbegu kina cha kiganja kizima, kwa imani kwamba kitu kikifukiwa chini zaidi ndivyo kitakavyokuwa salama zaidi. Alizimwaga zote siku moja, spinachi, karoti, bitiruti na vitunguu, bila kukumbuka wapi aliweka nini. Akatoa samadi mbichi zizini, ikiwa bado ina joto, akaitandaza juu. Akamwagilia maji jua likiwa utosini, kwa ndoo nzima nzima, mpaka udongo ukajifunga kama sakafu iliyosiribwa. Mamolefi alipita na karai lake la nguo, akayaona yote hayo, akaanika nguo zake.

Vichache vilivyoota vilitoka vimekunjamana, njano, vikaungua mizizi. Vilivyosalimika, jalidi ya mwisho ya baridi iliviramba usiku mmoja vikawa vyeusi kama vilivyochemshwa. Wanawake waliokwenda bombani walianza kupunguza mwendo wakifika penye ua wake.

"Ntate Tlelai, hiyo ni bustani au unamtafutia mtu dhahabu?"

"Muacheni. Anapanda vumbi, atavuna upepo wa Agosti."

"Afadhali aiimbie. Huko Welkom nasikia alikuwa anajua sana kuwaimbia wanawake."

Walicheka mpaka maji yakamwagika kwenye ndoo zao. Nyuma yake, dirishani jikoni, alisikia kicheko cha nne, kifupi, kilichokatwa kabla hakijakomaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukisikia kicheko cha mkewe tangu arudi. Kilimchoma kuliko vile vya wengine wote, na bado, jambo la ajabu, alisimama pale akitamani akisikie tena.

Malineo ndiye aliyemwonea huruma, ingawa huruma yake nayo ilikuwa na meno. Alikuja na kigoda chake, akakaa pembeni ya tuta, akamwamuru kama anavyoamrishwa ng'ombe.

"Kidole mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Siyo mkono mzima, hukuangusha pete. Hivyo. Funika. Usikandamize, mtoto hafunikwi blanketi usoni. Samadi ya mwaka jana, siyo ya leo. Maji asubuhi, na kidogo. Kidogo nimesema, shemeji. Kila kitu kwako ni kingi au hakuna."

Tlelai alitoboa kopo la rangi kwa msumari akapata la kumwagilia. Alizungushia miiba. Lakini udongo wa pale uani ulikuwa mwekundu, wa kichanga na mawe, haushiki maji, na Malineo alipoukamata mkononi aliuachia kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Tatizo la pili ni hili," alisema. "Tafuta udongo mweusi. Bila hivyo utazeeka na ugali wako mkavu." Halafu akasafiri kwenda kwa binti yake Lineo aliyekuwa karibu kujifungua, akamwacha na kazi hiyo.

Tlelai aliuzunguka uwanja wake na beleshi. Nyuma ya zizi la zamani, palipokuwa pakitupwa majivu enzi za mama yake, aliupata. Ulikuwa mweusi, laini, unaoporomoka vidoleni kama unga uliopepetwa, na unanukia mvua hata bila mvua. Jiwe moja bapa lilikuwa juu yake. Alilitoa, akalichukua pia, akaliweka kando ya tuta ili apate pa kusimama bila kukanyaga miche.

Alianza kusomba kwa toroli. Mapafu yale hayakuwa ya kusukuma toroli kupanda mteremko. Kila safari alisimama njiani akiinamia magoti, akikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mamolefi alitoka akasimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. Hakwenda kuanika nguo siku hiyo, hakwenda bombani. Alisimama akitazama toroli likienda tupu na kurudi limejaa, likienda tupu na kurudi limejaa. Jua lilipoanza kuwaka aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akamletea.

Tlelai alikinywa akiwa ameshika mpini wa toroli. Mkewe alisubiri kikombe chake.

"Pumzika kwanza," alisema. "Halafu umalize. Usibakize."

Lilikuwa neno la kwanza la wema kutoka kwake, na Tlelai alilibeba siku nzima. Alisomba udongo wote mpaka chini pakatokea ule mwekundu. Usiku alilala kibandani akiwa ameumia kila kiungo, na furaha iliyomjia ilikuwa kama ya kijana aliyejibiwa barua ya uchumba.

Safari hii viliota. Kwanza nyuzi za kijani zisizo na uzito, zikiwa zimepinda migongo kana kwamba zinabeba udongo kichwani, halafu majani mawili mawili, halafu yale ya kweli yenye mikunjo. Tlelai hakuwahi kukaa na kitu mpaka kikue. Molefi alimwacha anatambaa, akarudi akaambiwa ana ndevu. Nyumba ya Welkom aliikuta imejengwa. Hata milima ya kwao aliijua kwa likizo, kipande kipande. Sasa alikuwa anaamka kabla ya jogoo kwenda kuangalia kama jana na leo zinatofautiana, na ziliposhindwa kutofautiana hakukasirika. Alijifunza kung'oa mche mmoja ili wa pili upumue, na mara ya kwanza alipofanya hivyo alibaki nao mkononi muda mrefu, hajui aufanyeje. Anga ilipokuwa safi mno jioni, dalili ya jalidi ya kuchelewa, alilifunika tuta kwa blanketi lake mwenyewe, akalala amejikunja chini ya magunia.

Taratibu, pale kwenye jiwe lake, akiwa amechuchumaa, alianza kuona aibu. Haikuwa ile aibu ya kuchekwa na wanawake, ambayo hupoa ukiingia ndani. Hii ilikuwa inakuja na maswali madogo. Nani alimshika Molefi mkono alipojifunza kutembea? Nani alipanda juu ya paa nyasi zilipovuja? Mama yake Tlelai aliugua hapa, akafia hapa. Nani alimgeuza kitandani? Yote yalikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa jikoni, likichochea moto bila kumtazama. Akajiambia kwamba spinachi ya kwanza hataila yeye. Ataipeleka kwake yote, atapiga goti, na atasema alichopaswa kusema siku ile aliyopewa sahani.

Malineo alirudi majani yakiwa yamefika urefu wa mkono. Alisukuma lango huku akicheka tayari, akiwa ameandaa utani wake, na alipoliona tuta kicheko kikamfia mdomoni.

"Udongo huu umeutoa wapi?"

"Nyuma ya zizi. Pale palipokuwa jalala la majivu. Si ulisema nitafute mweusi?"

Malineo aliangalia tuta, akaangalia jiwe alilolikanyaga Tlelai. "Na mkeo? Ameona?"

"Ameona. Hata maji alinipa."

"Alikupa maji." Alilirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Tlelai alikuwa amekwisha kuchuma majani mawili makubwa kumzawadia mwalimu wake, akamnyooshea. Malineo alirudisha mikono yake chini ya blanketi alilojitanda.

"Hapana, shemeji. Asante. Mimi nina yangu nyumbani." Akaondoka bila utani, akifunga lango taratibu kama anavyofunga mtu anayetoka kwenye nyumba ya mgonjwa.

Tlelai alidhani ni wivu. Kesho yake alichuma majani mazuri kuliko yote, akayaosha, akayapanga kwenye beseni, akaenda mlangoni kwa mkewe. Mlango wa jikoni ulikuwa wa vipande viwili, na kile cha chini kilikuwa kimefungwa. Mamolefi alikuwa anachambua maharage. Tlelai alipiga goti nje, pale pale kizingitini, akaliinua beseni.

"Mama Molefi, haya ni ya kwanza. Sijayaonja. Nimekuletea wewe."

Mamolefi aliyatazama majani. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Yamestawi," alisema. "Nilijua yatastawi. Pale udongo ulikuwa mzuri."

"Ndiyo, ule udongo—"

"Mtoto wako alikuwa mle."

Tlelai alibaki ameliinua beseni.

"Wa kike," mkewe aliendelea, akirudi kwenye maharage yake, akitoa mabovu, akiyaweka kando. "Alizaliwa mwaka ule ulipokwenda usirudi. Hakuifikia hata siku ya mtoto mchanga kutolewa nje. Kichanga wa namna hiyo wanaume hawamziki, unajua. Tulimzika sisi, mimi na Malineo, kwenye majivu, panapochimbika. Nikaweka jiwe. Hilo unalolikanyaga kila siku ukimwagilia."

Upepo ulivuma uani, miiba ya ua ikagusana. Tlelai alitaka kusema kwamba hakujua, na neno lilifika mpaka kwenye meno, likakwama. Kwa sababu alijua. Alikuwa amesahau kwa bidii, lakini alijua. Jioni moja kule bwenini, watu wakiwa wamekaa wanakunywa, mtu wa kijijini kwao aliyetoka likizo alimpa ujumbe: mkeo ana mimba, anasema umtumie neno. Yule mwanamke wa Welkom alikuwa amekaa karibu yake, mkono wake begani. Tlelai akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa meza: mwambie akamuulize aliyekuwa anampashia blanketi joto. Bweni zima lilipasuka kwa kicheko. Ulikuwa utani mzuri. Uliwachekesha watu kwa wiki nyingi, na kama utani wote mzuri, ulisafiri ukafika nyumbani kabla yake.

"Mama yako alilipata neno lako," Mamolefi alisema, kama aliyekuwa anasikiliza mawazo yake. "Alisimama hapo hapo ulipopiga goti. Akasema haoni uso wa mwanawe kwenye uso wa yule mtoto. Akakataza maziwa ya ng'ombe wa nyumba hii. Mimi ya kwangu yalikuwa yamekauka."

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ilimtoka ndogo. "Nilipokuwa nasomba. Ulisimama ukaniangalia. Kwa nini hukunizuia?"

Sasa Mamolefi alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama sawasawa tangu arudi, na Tlelai alitamani angeendelea kutomtazama.

"Nilitaka umbebe," alisema. "Hata mara moja. Nikaona mapafu yale yatakushinda njiani, utamwacha nusu. Ndiyo maana nikakuletea maji."

Aliyachukua maharage yake akaenda kuyatia chunguni. Tlelai aliliweka beseni chini. Alijiinua kwa kushika mlango, na mkewe hakumsaidia. Alipopata kusimama aliuliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Jina hutolewa na nyumba ya baba. Tulisubiri." Chungu kilianza kuchemka, akapunguza kuni. "Mimi nilimwita 'wewe'. Siku zake zote alizokuwa nazo nilimwita 'wewe'."

Beseni lilikaa pale kizingitini mpaka majani yakanyauka. Kuku waliyala.

Siku zilizofuata Tlelai hakuchuma. Hakujua kama aurudishe ule udongo au auache, maana ulikuwa umekwisha kuchanganyika na mwekundu, na samadi, na mizizi, na hakuna beleshi lingeweza kuutenganisha. Aliendelea kumwagilia, akiwa anapiga magoti kwenye udongo mtupu, pembeni ya jiwe. Wanawake wa bombani walipita wakaona majani makubwa yanapita muda wake wa kuliwa, wakauliza kama Ntate anayafuga. Mmoja aliingiza mkono kwenye ua kuchuma. Tlelai aliushika ule mkono, na jinsi alivyomtazama, yule mwanamke alikwenda zake na ndoo tupu. Tangu hapo hawakupunguza mwendo tena.

Alikwenda kwa Malineo, akamuuliza mtoto alifanana na nani. Malineo alikuwa anamenya viazi. Alimenya kimoja kizima kabla ya kumjibu.

"Alikuwa na masikio yako," alisema. "Yale yaliyochomoza. Mamako aliyaona vizuri tu." Akachukua kiazi kingine. "Usije tena kuniuliza, shemeji. Sina nguvu ya kukusaidia kubeba."

Asubuhi iliyofuata Tlelai alisimama nje ya mlango wa jikoni, kofia mkononi. Akalitaja jina la mama yake, kama desturi inavyotaka binti aitwe.

Mamolefi alikuwa anasonga ugali. Hakusimamisha mwiko. "Mwanamke aliyemnyima maziwa," alisema. "Hapana."

Siku ya pili alileta Keneuoe, maana yake nimepewa. Mkewe aliuliza nani alipewa, na nani alitoa, na kama aliyepewa alisema asante. Siku nyingine alileta Palesa, maana yake ua linalochanua. Mamolefi alisema mbuzi wa Malineo anaitwa hivyo. Siku nyingine alileta jina refu lenye Mungu ndani yake, alilolitengeneza alfajiri akiwa kwenye tuta, akiliunganisha kipande kwa kipande, na alipolisema kikohozi kilimkatiza katikati. Mkewe alingoja kiishe. Halafu akasema tu, "Endelea na kazi yako."

Alikuwa anarudi kila asubuhi. Hakuomba msamaha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuona kwamba neno hilo mlangoni pale halikuwa na mahali pa kukaa. Alileta jina, akakataliwa, akaenda kumwagilia. Mfyulisi wa uani ulichanua, ukapukutisha maua yake ya waridi juu ya matuta, ukatoa majani. Spinachi iliachia mashina marefu, ikaanza kutoa mbegu.

Asubuhi moja ya ukungu alifika akataja jina ambalo bibi mmoja wa upande wa baba yake aliwahi kuwa nalo, Nthatisi. Alilitaja akiwa ameangalia chini, tayari kugeuka. Alipoinua macho aliona mwiko umesimama kwenye ugali, na mkono wa Mamolefi umeushika bila kuuzungusha. Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo, pasipo sauti, kama mtu anayejaribu nguo ya mwingine akiwa peke yake.

Ugali ulianza kunukia kuungua. Akausonga tena, kwa nguvu, mgongo ameugeuza.

"Refu hilo," alisema. "Kesho lete fupi. Alikuwa mdogo."